Asubuhi Aliyovuta Égide

Égide, Mrundi aliyeishi Diepsloot, mtaa wa Johannesburg huko Afrika Kusini, alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya mabomba wanayopanda wajenzi. Kila asubuhi mafundi wenzake, Wakongo na Warundi, walishikana mikono, naye ndiye aliyewaombea. Akishasema amina, walipanda bila kukagua kitu. Ujinga mtupu, lakini nani angemkagua mtumishi wa Mungu?

Mgongo ulimsumbua, akautuliza kwa bangi. Mkewe Annick aliponuna, alimjibu, "Mama, sheria inaruhusu. Niko ndani ya nyumba yangu."

Ni kweli, inaruhusu. Ila sheria haikumtuma avute alfajiri kisha akapande ghorofani.

Asubuhi moja, akiwa amevuta, aliomba vizuri kuliko kawaida, akasahau kukaza kibano kimoja cha kushikilia mabomba. Ubao wa jukwaa ulifyatuka, na Gaston, Mkongo aliyekuwa ameukanyaga, akaanguka na kuvunjika mguu. Bosi aliwapima wote mkojo. Wa Égide peke yake ulikutwa na bangi.

Sasa, kipimo kile kinasema umevuta, hakisemi lini. Mafundi wakang'aka: mtumishi atakuwa alivuta Jumapili, nyumbani kwake, anaonewa bure! Égide akanyamaza. Mtu mzima, mshika Biblia, aliwaacha watu wamtetee kwa uongo. Nyumbani chakula kilimshinda, na Annick akimtazama, yeye anainamisha uso.

Siku ya kikao cha kuamua kama Égide afukuzwe kazi, Gaston alikuja na magongo yake, kumtetea.

"Bosi, huyu mtu hawezi kutuumiza," alisema. "Eish, mimi sikuangalia hata pale nakanyaga. Alikuwa amekwisha kutuombea!"

Aibu ilimpanda Égide hadi masikio yakawaka moto. Angekaa kimya dakika chache tu, kazi yake ingebaki. Bosi mwenyewe alikuwa ameanza kulegea.

"Nilivuta asubuhi ile ile," alisema. "Kabla ya kuwaombea."

Bosi alimwambia akabidhi kofia na mkanda wake, aende. Wenzake walitoka mmoja mmoja wakimpita kama hawamwoni.

Nje ya ofisi kulikuwa na ngazi. Gaston alisimama na magongo kwenye kidato cha juu, akisita. Égide akamsogelea, akamnyooshea mkono amsaidie kushuka.

"Acha tu, Égide," alisema Gaston. Hakumwita mtumishi.

Kisha akamwita mlinzi wa getini, mtu asiyemjua hata jina, aje amshike.