Sosi ya Asali na Haradali Isiyo na Ngano

Namshukuru Mola aliyenipa umri wa kukumbuka bila chuki. Leo hapa Nyamirambo mjukuu wangu amekoroga asali, haradali na siki, na harufu yake kali imenirudisha jikoni kwa shangazi.

Utotoni ngano ilinivimbisha tumbo. Shangazi akaniapia kwamba sosi yake ya kuku wa Idi haina unga, nami nikala hadi kulamba vidole. Jioni nilijikunja mkekani nikilia.

"Wifi, mwanao kaiba mkate wa wageni, mlafi huyu!" akamwambia mama, na unga wa ngano aliotia kwenye sosi ili iwe nzito bado mweupe kwenye kucha zake.

"Mwombe shangazi yako radhi," mama akaniamuru.

Nikaomba.

Msomaji wangu, Mungu akujalie watu wa kukuamini.