Stameni Ambazo Hazikuwepo

Nina hasira, na ni afadhali niseme mapema kwamba mwenye makosa ni mimi.

Nimefundisha biolojia kidato cha pili hapa Tabora kwa miaka mingi. Siku ya somo la ua niliwaagiza wanafunzi walete haibiskasi, lile ua jekundu linalopandwa karibu kila nyumba mjini. Wao wanachora, mimi nasahihisha kwa kulinganisha na mchoro wa kitabuni. Ua lenyewe, lililolala palepale mezani, silitazami. La nini, na kitabu ninacho?

Mwaka mmoja binti wa wakulima wa Igalula, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Mtendeni hapa mjini, alileta haibiskasi iliyojaa petali juu ya petali. Akachora petali tupu. Stameni, zile nyuzi zenye chavua, hakuchora hata moja.

"Stameni ziko wapi?"

"Hazimo, mwalimu."

"Kitabu kinasema zimo."

"Nimelipasua lote kwa wembe, mwalimu. Hazimo."

Darasa likacheka. Mimi nikaona ananijibu. Nikapiga mstari mwekundu juu ya mchoro mzima, nikaandika sifuri, na chini yake: uzembe. Binti yule alitaka kuwa muuguzi, shule nzima ilijua. Lakini wa mchepuo wa sayansi tuliwachagua kwa alama, na zake za biolojia zilipelea kidogo tu, kidogo hichohicho nilichomnyima. Akapelekwa sanaa. Nami nikalala usingizi wangu vizuri.

Juzijuzi nikaitwa kwenye semina ya walimu. Mwezeshaji akaeleza jinsi ua linavyojengwa kwa miduara minne: nje sepali, vile vijani vya kijani, kisha petali, kisha stameni, na katikati pistili, sehemu ya kike. Jeni ndizo zinazoamua kipi kiote wapi. Jeni inayoamuru stameni isipofanya kazi yake, mahali pale huota petali. Akaonyesha picha. Lilikuwa ua lilelile.

Nilitoka nje nikatukana, mimi mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Kimoraviani. Nilikitukana kitabu, nikakitukana chuo kilichonifundisha kukariri, nikaitukana mitihani. Halafu nikajishtukia kwamba natafuta wa kumbebesha mzigo wangu. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi hata kuuliza sikuhitaji, nilihitaji kuinama tu nitazame. Ua lilikuwa hatua moja kutoka kwenye pua yangu!

Jumamosi nilikwenda Igalula. Nilimkuta binti yule nyumbani kwake, mtu mzima sasa, anachambua karanga za mbegu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, miduara, jeni, petali zilizoota mahali pa stameni. Nikamwambia, "Uliona sawa. Mimi ndiye niliyekosea, na nimekukosesha uuguzi. Naomba unisamehe."

Nilitegemea atalia au atanifukuza, na angenifukuza ningeshukuru. Hakufanya hivyo. Aliendelea kutupa karanga mbovu pembeni, moja moja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono:

"Na yale mengine uliyonikata kwa kalamu nyekundu, mwalimu? Nayo nilikuwa nimeona sawa?"

Nilimkata mengi. Sikumbuki hata moja.