Tela la Milango Miwili

Fundi wa Mafinga aliniuliza mara tatu mlango wa pili wa tela ni wa nini, na mara zote tatu nilimjibu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mara ya nne aliweka randa chini, akakaa juu ya rundo la mbao na kunitazama.

"Kaka, chumba chenyewe hatua tano. Mtu akipiga chafya anajikuta nje. Milango miwili ya nini? Umeongeza mke?"

Wenzake waliokuwa wakipanga mbao wakacheka. Nikamwambia mlango mmoja ni wa baba yangu na mwingine ni wa mke wangu. Nikamweleza kwamba kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, hawasemezani, hawapiti mlango mmoja. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anageukia pembeni mpaka mzee apite. Watu wengi wa mjini wameshaacha, lakini baba yangu hajaacha, na mtu wa miaka themanini kasoro huanzi kumfundisha kuacha.

"Basi mmoja abaki nyumbani," fundi akasema, akaokota randa yake.

Kana kwamba sikuwa nimelifikiria hilo. Miezi mitatu nilikuwa silali vizuri kwa sababu ya hilo.

Safari yenyewe ilikuwa rahisi kuitaja. Baba alizaliwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Akaondoka kijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai Tukuyu, kisha akahamia Mbeya, na sasa anaishi nasi Iyunga katika chumba cha uani. Mwaka huu macho yalianza kumtupa. Alikuwa akimwaga chai pembeni ya kikombe, akimsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mtoto. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, dawa itapunguza mwendo lakini kilichopotea hakirudi. Alipomaliza kuandika akaongeza kwamba kama kuna kitu mzee anataka kukiona, tusingoje. Tulipofika getini kwetu ndipo baba alipotamka neno moja, "Ziwa," akaingia chumbani kwake.

Nikasema ziwa ataliona, hata kama nitambeba mgongoni.

Lakini Matema atalala wapi? Ndugu zake wa huko wamekwisha, na kiwanja chao kina nyumba ya watu wengine. Nyumba ya wageni hataki, kwa sababu anaamka mara nyingi na anaogopa korido asizozijua. Ndipo nikalikumbuka tela.

Nisidanganye, nililikumbuka kwa sababu sikuwahi kulisahau. Mimi ni mtu ambaye miguu yake inawasha. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa utingo wa malori ya mbao, nimeuza viazi Makambako, nimeuza viatu kwenye minada, nimepanga vyumba Iringa ambavyo sasa ningeweza kuvipata nikiwa nimefumba macho. Kila mahali nilipokaa nilipachoka, na kila nilipopaacha napakumbuka. Tela hilo lililetwa na mtu na mkewe kutoka Ulaya waliokaa karibu na Kihesa. Lilikuwa na kitanda, meza ya kukunja na dirisha lenye pazia la maua, nyumba kamili nyuma ya gari. Nilikuwa nikipita pale naenda kumposa mke wangu, nami nikilitazama tela hilo kuliko nilivyotazama njia. Wenyewe waliporudi kwao, likahama mikono mpaka likaishia kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, mlinzi akilala humo. Nilipolinunua hatimaye, panya walikuwa wameshakula godoro na nusu ya dari.

Nilipomwambia mke wangu kwamba nampeleka mzee ziwani na tela, hakuuliza habari za macho wala za panya. Aliuliza yeye mwenyewe abebe nguo ngapi.

Nikamwambia ningependa abaki na nyumba.

"Miaka kumi na tisa nabaki na nyumba," akasema. "Nyumba hii nimeshaijua. Safari hii naenda."

Nikaenda kwa baba. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba mkwewe naye anapenda kwenda, lakini asiwe na wasiwasi, nitampigia hema lake mbali, hatua mia moja nzima, upande wa vichaka. Baba akasema haendi. Nikarudi jikoni kubembeleza, nikafanikiwa kwa shida kupata nusu ya ahadi kwamba mke wangu angebaki, nikampelekea baba habari hiyo njema. Baba akasema haendi.

"Sasa unataka nini, baba?"

"Nimesema siendi. Wewe unasikia vibaya siku hizi?"

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Nikitoka uani naambiwa hapana, nikiingia jikoni naambiwa hapana, na wote wawili wananitazama kama mimi ndiye mwenye matatizo. Nilichora ramani kwenye daftari la hesabu la binti yangu. Tela hapa, hema pale, choo kule, njia ya mzee kwenda majini, njia ya mke wangu kwenda majini, na mahali ambapo njia hizo zisingekutana. Niligundua kwamba ufukwe ni mahali pabaya sana pa kumficha mtu. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ndipo nikapata wazo la milango miwili na ukuta katikati, nikajiona nina akili kuliko ukoo wangu wote.

Ukuta huo niliusimamia mwenyewe. Nilimwambia fundi apige mbao za msindano pande mbili, katikati ajaze vumbi la mbao na kulishindilia, hata kikohozi kisipite. Nilitaka kila mmoja asahau kabisa kwamba mwenziwe yupo. Fundi alishindilia huku akiniuliza kama mzee wangu ni mkali sana. Nikamwambia si mkali, ni heshima. Akasema heshima ya kwao Uhehe haihitaji vumbi la magunia manne.

Kulivuta tela mpaka Mbeya kulichukua siku nzima. Gari ni la kuazima, lina kabini mbili, injini imechoka, na tela lilikuwa zito kama limebeba viazi. Karibu na Chimala mlango wa pili ulifunguka wenyewe nami sikujua. Nilijua pale kijana wa bodaboda aliponifuata akipiga honi, akiwa amepakata mto wangu wa kulalia.

Jirani zetu walikuja kulitazama. Baba naye akaletwa. Nilimwongoza kwenye mlango wake, akapanda, akapapasa kitanda, akapapasa dirisha, akaridhika. Kisha akagonga ukuta wa katikati kwa fimbo. Akagonga tena, akaweka sikio.

"Ukuta huu mnene," akasema.

"Mnene hasa, baba. Hutasikia kitu."

Akashuka polepole, akanipa mkono nimrudishe, na tulipofika mlangoni pake akasema, "Liuze."

Mke wangu naye aliingia kwa mlango wake baba alipokwisha ondoka. Nikasikia akigonga kidogo. Akatoka akijifuta vumbi, akasema naye amebadili mawazo, haendi.

"Si wewe uliyesema safari hii unaenda?"

"Nilisema kabla sijaliona."

Nilikasirika. Nilisema maneno mengi kuhusu watu wasiojua wanachotaka, na kuhusu mtu mmoja anayehangaika peke yake kwa ajili ya watu wasio na shukrani, na kuhusu macho ya mzee ambayo hayatungoji. Niliyasema uani, kwa sauti ya kutosha kupenya jikoni na chumbani kwa baba.

Asubuhi yake niliaga kwamba nakwenda kutafuta mtu wa kununua tela. Nilifika barabara kuu nikakumbuka nimeacha simu kitandani, nikarudi kwa njia ya nyuma. Kwetu jiko limeshikana na chumba cha baba, ukuta wa tofali moja, juu kuna matundu ya hewa. Dirisha la jiko linatazama barabara. Nilipokaribia nikasikia mke wangu anaongea. Nilidhani anaongea na simu.

"Limesimama lori la mbao," alikuwa akisema. "Dereva ameshuka, anapigapiga tairi kwa chuma."

"Utingo yuko wapi?" Ilikuwa sauti ya baba, ikitoka upande wa pili wa ukuta.

"Amelala juu ya mbao, baba. Miguu ndiyo inaonekana. Soksi moja nyekundu, nyingine sijui niseme rangi gani."

"Na yule wa ng'ambo, amemaliza kuezeka?"

"Amemaliza. Bati la kijani, lile la kuumiza macho."

"Yangu halitayaumiza," baba akasema, na akacheka. Tangu tutoke kwa daktari sikuwa nimesikia mtu huyo akicheka.

Nilisimama na mkono wangu kwenye komeo. Sikuingia. Mke wangu alikuwa anachagua mchele, nilisikia ungo ukitikiswa. Wakanyamaza kama wanyamazavyo watu waliozoeana, kisha baba akaanza tena.

"Sasa kule Matema nani ataniambia? Yule ukimuuliza kuna nini, anakujibu, ziwa tu, baba."

"Ametujengea jela," mke wangu akasema. "Na kabla ya hapo alitaka kunitupa vichakani."

"Hatua mia moja," baba akasema. "Alipima."

Niliondoka kwa ncha za vidole, bila simu. Nilitembea mpaka mbali nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Ni kweli nilikuwa nikimjibu hivyo. Ziwa tu, baba. Lori tu, baba. Miezi mitatu nilikuwa napanga namna ya kuwatenganisha watu wawili ambao kila mmoja alikuwa amegoma kwenda bila mwenziwe, na kila mmoja alinikatalia kwa namna aliyoweza, kwa sababu sababu yenyewe haisemeki. Mzee wa Kinyakyusa atamwambiaje mwanawe kwamba anamtaka mkwewe karibu?

Jioni nilimuuliza mke wangu, tukiwa wawili sebuleni. Akaniuliza nimesikia kiasi gani. Nikamwambia mpaka jela.

Akasema ni miaka mingi. Ilianza mwaka wa pili wa ndoa yetu, mimi nikiwa Mafinga, baba ana malaria, hakuna mtu mwingine nyumbani. Alimsikia anaomba maji. Akamwekea kizingitini, akarudi jikoni, akamwambia kupitia matunduni kwamba maji yapo mlangoni. Baba hakujibu siku hiyo. Siku ya tatu akasema ahsante. Baada ya hapo akawa anauliza kama mvua imeanza, kama watoto wamerudi, na macho yalipoanza kuharibika akawa anauliza kila kitu.

"Na hujawahi kuniambia."

"Wewe ulikuwepo?" Hakusema kwa ukali. "Na usimwambie umesikia. Ataona aibu, na hatasema tena. Nitabaki nahesabu malori peke yangu."

Kwa hiyo ilinibidi nibomoe ukuta wa watu wawili bila kumwambia baba kwa nini hasa naubomoa. Nilimwendea baba, nikasema nimefikiri upya. Ukuta ule ni mzito, gari halitapanda milima ya Tukuyu. Nitaweka hadibodi moja nyembamba na kuacha matundu juu, hewa ipite.

Baba alizungusha fimbo yake. "Uzito ni jambo la kuangalia," akasema. "Hewa pia."

Nilibomoa siku mbili. Magunia manne ya vumbi la mbao yalinimwagikia kichwani, yakaingia kwenye nguo zilizoanikwa, yakaingia kwenye uji. Mke wangu alinigombeza kwa ajili ya nguo na hakusema lolote kuhusu ukuta. Hadibodi ilipokaa, baba akaongozwa kwenye mlango wake. Nikaenda nyuma ya tela kukaza skrubu za taa, na sikusikia mke wangu alipopanda kwa mlango wake. Nilisikia baba akikohoa, halafu wakaanza.

"Matema jua linachelewa," alikuwa akisema. "Milima iko mashariki. Unaona kumekucha, watu wako majini, wanawake wanapanga vyungu sokoni, lakini lenyewe bado linapanda upande wa pili."

"Linatokea ghafla?"

"Hapana. Kwanza ukingo wa mlima unakuwa kama umechomwa. Halafu maji ya mbali yanang'aa, ya karibu bado meusi. Unatakiwa utazame kule mbali, siyo mlimani. Wengi wanakosea, wanatazama mlimani." Akagonga hadibodi kidogo kwa kidole. "Wewe tazama majini, mama. Uniambie likifika."

"Nitakwambia, baba."

Bisibisi iliniponyoka, ikapiga chuma. Wote wawili wakanyamaza papo hapo. Nikaanza kupiga mluzi, nikaondoka nikielekea getini kama mtu aliyekuwa mbali siku zote, nikakaa huko nikitazama malori mpaka nikachoka.

Mchana baba aliniita. Alikuwa ameketi nje ya chumba chake na amevaa koti. Aliniambia, kama wazo lililomjia wakati huo huo, kwamba tela sasa limekuwa jepesi, ni vizuri twende Alhamisi. Nikamuuliza, na mama? Maana sikutaka kuamua lolote tena katika maisha yangu. Baba akageuza uso pembeni.

"Huyo asiachwe peke yake nyumbani," akasema. "Wezi wamezidi Iyunga."

Nilikubali kwamba wezi wamezidi. Nikaenda jikoni kumwambia mke wangu ni Alhamisi, nikakuta vyombo vimeshafungwa kwenye kitenge, na ameshaazima khanga mbili nzito za kutundika katikati ya viti vya mbele na vya nyuma vya gari.