Kengele ya Baba

Hadi leo nikisikia harufu ya grisi kwa fundi baiskeli, huikumbuka baiskeli ya baba. Baba akimkuta mzee njiani alipiga kengele mara moja tu, akashuka, akaamkia, ndipo akapita akiikokota baiskeli. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa ikafanywa mali ya kijiji, akapewa katibu. Bibi mzaa baba, ambaye macho yake yalishafifia, hatukumwambia.

Siku moja tukitoka kisimani, kengele ile ikalia nyuma yetu mfululizo. Nilimvuta bibi pembeni, akagoma.

“Ni mwanangu huyo. Atashuka.”

Akasimama katikati ya njia, akingoja shikamoo yake.

Katibu hakushuka. Alimgonga, wakaanguka wote. Bibi akiwa bado chini, kanga imelowa maji ya mtungi, katibu aliinua baiskeli kwanza, akapiga kengele kuona kama bado inalia.