Kanda Iliyosimama Kabla ya Mwisho

Sogea hapa mkekani, mwanangu, na hiyo simu ilaze kifudifudi kidogo. Jana nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba ile picha mpya ya Hollywood ni mbovu. Nilipokuuliza ubovu wake uko wapi, ukanionyesha nyota mbili alizoipa mtu usiyemjua. Sikutaka kukukatiza mbele ya wenzako. Lakini nakumbuka siku moja mimi mwenyewe niliisifu picha kwa maneno ya watu, na maneno hayo yalikaribia kuivunja nyumba ya mtu. Hebu nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, nikifanya kazi kwenye duka la kukodisha kanda za video huko Changamwe. Nyinyi hamkuziona kanda. Lilikuwa kasha jeusi la plastiki, ukubwa wake kama kitabu kinene, na ndani yake mna utepe mrefu uliozungushwa. Unalitia ndani ya deki, picha inaanza kwenye televisheni. Ukichoka unazima, na utepe unabaki pale pale ulipoachia. Kwa hiyo mteja akiileta kanda bila kuirudisha mwanzo, mimi niliyekaa kaunta nilijua kabisa ameishia wapi. Kanda za vita zilirudi zimekwisha. Kanda za mapenzi zilizochukuliwa na watu wenye watoto zilirudi zimesimama kwenye busu la kwanza, na hapo nilijua baba mtu amekimbilia deki kama anazima moto.

Duka lilikuwa la Mzee Kazungu. Ujana wake wote alikuwa mlinda mlango wa jumba la sinema kule mjini. Alisimama nje mpaka wachelewaji waingie, kwa hiyo mwanzo wa picha ukampita, na kabla ya mwisho alitakiwa atoke akafungue milango. "Miaka yote ile nilitazama picha za katikati," alikuwa akisema. Alipostaafu alifungua duka la kanda, na mimi naamini alilifungua ili ajue zile hadithi ziliishaje.

Mimi nilikuwa hodari, sikufichi. Watu walivuka feri kutoka Likoni kuja kuniuliza wachukue ipi, na sikuwa mtu wa kuumauma maneno. Nilisema Hollywood wanajua kunyamaza kuliko sisi: wanaweza kumweka mama mbele ya dirisha, asiseme neno, na wewe ukajua mwanawe harudi. Hapo nawavulia kofia mpaka leo. Lakini pia nilisema hawajui kuzika. Watu kumi wamesimama na miavuli, mchungaji anasema maneno mawili, kila mtu anapanda gari lake. Nani amepika? Nani amelala kwa mfiwa? Na katika zile picha za mapenzi na safari za hatari, msichana anakutana na mwanamume Jumanne, Ijumaa wananing'inia pamoja kwenye daraja la kamba, Jumapili ameshamkubali, na hakuna hata shangazi mmoja wa kuuliza huyu kijana ni wa nani. Wateja walicheka, lakini walinisikiliza. Na kusikilizwa kulinilewesha.

Ikaja kanda moja iliyosifiwa na kila mtu. Ni hadithi ya mume anayetafuta mji uliofukiwa na mchanga jangwani, na mkewe aliyechoka kumngoja. Niliitazama nusu, umeme ukapotea, kesho yake kanda ikachukuliwa, na tangu hapo haikutulia rafuni. Kila aliyeirudisha alisema, "Zuhura, hii ni moto." Nami nikaanza kusema ni moto. Niliona haya kukiri kwamba mimi, Zuhura wa kanda, sijaimaliza.

Ndipo akaja Hamisi. Hamisi aliendesha winchi bandarini, mtu mkubwa wa mikono mikubwa na maneno machache. Changamwe nzima ilijua kwamba mkewe, Mwanasha, ameondoka na yuko kwa wazazi wake Mtongwe, ng'ambo ya feri, mwezi wa pili sasa. Siku hiyo Hamisi alisubiri wateja wengine watoke, kisha akaegemea kaunta.

"Zuhura, Jumapili anakuja," aliniambia. "Wazee wake wamemwambia aje tuzungumze. Mimi kuzungumza, unanijua. Nipe picha itakayomlainisha moyo, nipate pa kuanzia."

Nikampa ile ya jangwani.

"Mwishowe wanapatana?"

Hapo ndipo ningesema sijui, mwanangu. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema sijui. Badala yake nikamwambia, "Wanapatana, tena vizuri sana. Wanakumbatiana mpaka utalia." Nilitunga mwisho mzima nikiwa nimesimama, na kwa kuwa nina kipawa cha kusimulia, nikamwongezea na mvua juu yake.

Jumatatu kanda ilirudishwa, lakini hakuileta Hamisi. Aliileta Mwanasha mwenyewe, na mkononi alikuwa na mkoba wake wa safari.

"Wewe ndiye Zuhura?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu kwamba mwishowe wanapatana?"

Nikaitazama kanda. Utepe ulikuwa umebaki mwembamba upande mmoja; ilizimwa karibu kabisa na mwisho. Mwanasha akanieleza. Walikaa vizuri, hata chai wakanywa kwa pamoja, mpaka pale mwanamke wa kwenye picha alipovua pete, akaiweka mezani, akaenda kupanda treni. Hamisi akainuka, akazima, akaenda kukaa nje. Alidhani tumepanga kumfanyia mzaha, mimi na mkewe, au mimi na mtaa mzima. Asubuhi akaenda kazini bila kuaga.

"Kwa hiyo nimepita tu kurudisha kitu cha watu," alisema Mwanasha, "kisha nikapande feri niende zangu. Ila nataka kujua jambo moja. Baada ya treni, inakuwaje?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nakuambia, mwanangu, uongo wa pili ulikuwa tayari kwenye ulimi, umeshapigwa pasi na kukunjwa. Mzee Kazungu alikuwa nyuma yangu akiunga utepe uliokatika. Hakuinua hata uso.

"Mwambie hujaitazama," alisema.

Mwanasha akanitazama mimi, akamtazama mzee.

"Hajaitazama?"

"Ameitazama nusu. Hata mimi ninayesinzia kitini mwangu nimeliona hilo. Na wewe mama umeitazama karibu yote, kwa hiyo kati yenu wewe ndiye mwenye kujua zaidi." Kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Zuhura, kanda hizi kila duka linazo. Mimi nilikuweka hapa kwa ajili ya macho yako. Ukiwapa watu macho ya kuazima, mimi hapa nakodisha nini?"

Sijapata kuambiwa neno zito zaidi ya hilo, na nimeshaambiwa mengi. Nikamwambia Mwanasha, "Nisamehe, dada. Sikuimaliza. Nilitunga."

Nilitarajia anitukane. Alitua mkoba wake chini. "Basi iweke," akasema. "Tuone."

Tukakaa watu watatu mbele ya televisheni ya duka, mzee akafunga mlango nusu. Treni ikaondoka. Ile ndiyo sehemu ambayo wote waliosema ni moto hawakuniambia, labda kwa sababu wengi walishasimama kutafuta viatu. Mwanamume anarudi nyumbani peke yake. Sasa, huko mwanzoni, kabla ya majangwa yote, mke alikuwa amemwonyesha mlango wa uani uliolegea bawaba, akamwomba autengeneze, naye akasema nikirudi. Amekwenda safari nne, amevuka mchanga ambao ngamia wameushindwa, na mlango bado umeinama. Sasa anautazama. Anatafuta bisibisi. Anaukaza, anaufungua, anaufunga, anauacha wazi, anakaa. Hakuna anayekuja. Majina yanaanza kupita.

Kisha Mwanasha akasema polepole, "Kwangu mimi si mlango. Kwangu ni paa la jikoni. Misimu miwili ya mvua nimepika na mwavuli mkononi. Bandarini anainua mizigo ya dunia nzima."

Mzee Kazungu akakohoa ili asicheke.

"Wewe umeonaje?" Mwanasha akaniuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuulizwa nilichokiona mimi. Nikachukua muda wangu. Nikamwambia nimeona mwanamke ana haki ya kuondoka, na picha haikumdanganya kwa kumrudisha mbio. Nimeona mwanamume amechelewa. Lakini nimeona pia kwamba aliutengeneza mlango wakati hakuna mtu wa kumsifu, na katika picha nzima, na majangwa yake yote, hilo ndilo tendo la kwanza la mapenzi alilolifanya.

Mwanasha alifikiri. Akainuka, akachukua mkoba. Mkono wangu ukaenda kwenye deki kuirudisha kanda mwanzo, kama ilivyokuwa kawaida yangu.

"Usiirudishe mwanzo," akasema. "Ipeleke pale kwenye treni tu. Naichukua tena. Akitoka kazini ataanzia hapo."

Hakupanda feri siku ile.

Jumatano waliingia dukani wote wawili, wakibishana. Nilianza kuogopa, mpaka nilipoelewa wanabishania nini.

"Mwambie, Zuhura," alisema Hamisi. "Bawaba haikazwi vile. Yule bwana ametia skurubu kwenye mbao iliyooza. Mwezi mmoja tu, ule mlango unaanguka."

"Msikilize," akasema Mwanasha. "Jana amepanda juu ya paa langu na misumari, eti anionyeshe yule angetakiwa afanyeje."

"Na nimekuonyesha."

"Umenionyesha, baba. Jikoni kwangu leo hakuingii hata mwanga."

Wakachukua kanda nyingine. Kwa miaka mingi walikuja hivyo, na sijawahi kuwaona wakikubaliana juu ya picha hata moja. Yule bwana asiyejua kuzungumza alikuwa amepata pa kuanzia, ingawa si pale nilipomtungia mimi.

Tangu siku ile sikumpa mtu kanda nisiyoimaliza. Mtu akiniuliza juu ya nisiyoijua, nilisema sijui, na nikagundua kwamba neno hilo halinipunguzii wateja. Waliongezeka. Walisema, huyu akisema ameona, ameona. Najivunia sifa hiyo mpaka leo, na sitajifanya mnyonge mbele yako. Duka limekwisha, Mzee Kazungu Mungu amrehemu, lakini hapa Mjambere, Kisauni, kina mama bado wananigongea Jumamosi kuniuliza watazame nini. Sina digrii ya sinema. Nina macho yaliyokaa mpaka majina yapite. Hollywood wanatengeneza kwa pesa nyingi na kamera kubwa, lakini hukumu ya picha ikishafika Kisauni inakaa Kisauni, na mimi ni mmoja wa mahakimu wake. Wewe pia unaweza kuwa, kwa sababu jicho unalo, nimelishuhudia. Uliponieleza juzi kwamba yule msichana kwenye picha ya kisiwani hampendi stelingi bali anaipenda merikebu yake, hakuna aliyekuwa amekufundisha. Nilijivuna nikiwa nimekaa hapa hapa, nikanyamaza tu nisikuvimbishe kichwa.

Sasa nikuambie wazi. Picha usiyoimaliza, sema sijaimaliza. Hakuna aibu ndani yake. Uliyoimaliza, sema ulichokiona wewe, hata kama umati wote umeona kingine, na uwe na jambo moja la kuonyesha kwa kidole: mlango, pete, mkono uliotetemeka. Usiseme nzuri au mbovu ukaishia hapo. Na ukiisifu mbele ya mtu, kumbuka kuna nyumba anayokwenda kuitazamia, na hujui ndani yake kuna paa gani linalovuja. Maoni yako ni kitu unachomkabidhi mtu mkononi. Mpe cha kwako.

Mungu akujaalie macho mazima, mwanangu, na ulimi usioyasaliti, na akupe watu wa kubishana nao kwa mapenzi mpaka uzeeni.

Haya, igeuze simu yako. Itafute ile picha uliyoitukana jana, itazame mpaka jina la mwisho lipite, kisha njoo uniambie umeona nini.