Suti Zangu Kabatini

Niliporudi Bujumbura na diploma ya Ulaya, niliamini hakuna mtoto ambaye angekataa kulelewa na mtu kama mimi. Kwa hiyo mimi na mke wangu tulipomchukua msichana wa miaka sita kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, nilimpa chumba chenye kabati kubwa kuliko yote ya mtaa wetu wa Ngagara. Afisa wa watoto alipokuja kukagua kama mtoto anafaa kubaki kwetu, nilianza kwa kumwonyesha diploma ukutani. Aliitazama kwa adabu, akamgeukia mtoto.

"Nguo zako unaweka wapi?"

"Mu sac. Mu kabati muko suti za papa za Ulaya."

Mke wangu alikohoa.

"Papa," afisa aliniambia, "mtoto anayeweka nguo kwenye begi anangoja kurudishwa. Nitapita tena wiki ijayo."

Jioni nilizitoa suti zote kumi na nne, nusu yazo hata hazifungiki tena tumboni, nikazirundika kitandani. Mtoto alinitazama kutoka mlangoni.

"Papa, we unarudi Ulaya?"

"Apana. Nakupisha."

Alichungulia kabati tupu, kisha akaenda kuleta begi lake.