Mikaratusi ya Mheshimiwa

Kazini walimwita Mama Chupa. Tangu aajiriwe kupima maji ya mto, hakuonekana bila chupa za sampuli, na hata friji ya maabara aliigombania na wenzake waliozoea kuweka soda zao humo. "Siku moja mtakunywa maji ya kiwanda cha ngozi, halafu mje kunililia," aliwaambia. Walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Vipimo vilimwonyesha kwamba mto unakonda, na kadiri ulivyokonda ndivyo uchafu wa viwanda na magereji ulivyokolea. Akapanda mlimani kwenye chemchemi kutafuta sababu. Hakuitafuta sana. Pale pale kwenye chanzo ilisimama mikaratusi, mirefu, imenona, inafyonza maji bila huruma. Mbele yake kibao cha saruji kilitangaza kwamba ilipandwa na Mheshimiwa Waziri, Siku ya Mazingira.

"Ikatwe," alimwambia mkurugenzi wake.

"Una wazimu, mama? Miti ya Mheshimiwa?"

"Maji yanaisha, bosi."

"Basi andika ripoti."

Akaandika. Miaka ikapita, ripoti zikazaa ripoti. Wakurugenzi walikuja na kwenda, kila mmoja akimsifu mbele ya wageni, lakini hakuna aliyethubutu kushika shoka. Nyumbani, mumewe fundi cherehani alichoka. "Mke wangu, hiyo miti unaitaja kuliko wanao. Si ukamwulize mwenyewe?"

Akaenda. Mheshimiwa alikuwa ameshastaafu, kakaa nje ya nyumba yake na kandambili, anamenya chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

Akaeleza yote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Miti ipi hiyo, mwanangu?"

Hakuikumbuka! "Waliniletea miche, nikaitia shimoni, tukapiga picha. Kama ina madhara, kateni. Mnaningoja mimi?"

Mama Chupa hakujua acheke au alie.

Mkurugenzi alipopelekewa maneno hayo, mikaratusi ikaangushwa, ikapandwa mikuyu na matete. Chemchemi haikupona upesi. Ilijivuta kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Msimu wa pili wa mvua, mto ukaanza kujaa na vipimo vikatulia. Akashuka bondeni na moyo mweupe, akamkuta jamaa katikati ya mkondo anaosha pikipiki, povu limetanda.

"We baba! Huna haya?"

"Shikamoo, mama. Maji ya siku hizi safi kweli, eti?"

Mama Chupa akavua viatu, akaingia majini kumfuata.